Macho Ndio Mtaji: Panga Skrini Yako

Sai madizaina mob wa Migori na Homa Bay wanajishikia lapi za eks-UK zenye skrini ya 4K, na omera, picha zinatokea kali. Ngori inaanza ukifungua Photoshop CS6, hiyo mzae ya 2012 bado inalisha watu. Menyu zote zimekonda ka omena.

Hesabu ni hii. Kwa skrini ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa upana, kitufe cha pikseli 16 kina kama milimita 4. Jaza pikseli 3840 kwa skrini saizi hiyo hiyo, kitufe kinabaki milimita moja na nusu hivi. Programu mpya zinacheki skrini na kujikuza zenyewe. CS6 ya Windows inachora pikseli zake 16, basi.

Wengi wanakimbilia kushusha rezolushoni. Zii! Hiyo ni kutupa kenye ulilipia doh. Wacha rezolushoni juu kabisa, ingia Settings, System, Display, weka Scale 200 ama 250. Programu za kisasa zitajipa. Kwa ile imekataa, bonyeza ikoni yake kulia, ingia Properties, Compatibility, alafu "Change high DPI settings". Tiki Override pale chini, chagua System. Ifunge, uifungue tena.

Ka uko na monita ya kando, kila skrini iko na Scale yake. Chagua skrini kwanza pale juu kwa Display, ndio ubadilishe.

Sasa shika hii: ukiweka System, Windows inavuta programu nzima, so inakaa na ukungu kiasi. Klayenti amesimama nyuma yako, anacheki sura ya mzazi wake kwa poster ya matanga imefifia, na roho inamuuma. Faili yenyewe haijaguswa. Mtolee PDF ama umprintie kopi moja aione, atulie.

Dizaina wa Rongo, Mbita ama Isebania hana bosi wa kumlipia miwani. Kukodolea vitufe vya milimita moja na nusu mpaka usiku ni kujichosha bure, na dawa iko kwa hiyo hiyo mashine. So panga programu zako zote zimekataa leo, moja moja. Na ka kuna mdogo anajifunza kazi hapo base, mwonyeshe hii kabla hata ya brashi na leya.