Maji ya Tope, Mbegu ya Mlonge na Twahara: Meupe, Twahara na Salama Si Kitu Kimoja

Sifa zote njema Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalaah na salaam zimshukie Nabiy wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake wote. Amma ba'd:

Ndugu zetu, anayetoka Pemba kwa chombo mpaka Tanga, kisha akapanda basi kwenda Moshi, Arusha au Dar es Salaam, njia yake hupita Segera. Hapo ndipo barabara ya kutoka Tanga inapokutana na barabara kuu ya Chalinze na Moshi. Wengi wetu tumeshuka hapo kununua matunda na kutafuta pahala pa kuswali. Na msimu wa mvua tumewahi kukuta ndoo ya kutawadhia ina maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mmoja wetu akatia wudhuu bila ya wasiwasi. Mwingine akarudi nyuma akafanya tayammum, akasema, "Haya si maji, haya ni tope." Wa tatu akamzuia mtoto wake asiyanywe, lakini akamruhusu kuyanywa baada ya kuona yametulia na kuwa meupe juu.

Wote watatu walikusudia kheri. Lakini kila mmoja alikuwa akijibu suali tofauti. La kwanza: je, maji haya ni meupe? La pili: je, ni twahara? La tatu: je, ni salama kunywa? Sisi wa visiwani tumezoea maji ya visima na chemchemi, ambayo aghalabu hutoka ardhini yakiwa meupe, basi masuali haya matatu tumeyafanya moja. Bara hayawi moja, na kuyachanganya kunaweza kumharibia mtu Swalaah yake, au kumharibia mtoto afya yake.

Kwa nini maji ya huko yana rangi

Maji mengi ya ukanda ule ni ya juu ya ardhi. Mto Pangani unateremka kutoka milima ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, na karibu na Korogwe unapokea maji ya Mto Mkomazi na Mto Luengera kabla ya kwenda kumwagikia baharini katika mji wa Pangani. Mji wa Handeni na vijiji vyake kwa miaka mingi vimetegemea maji ya mto huu yanayosukumwa kutoka upande wa Korogwe, katika mradi unaojulikana kwa jina la HTM. Wasiofikiwa na bomba huchota mitoni au kwenye malambo, ambako ng'ombe na mbuzi nao hunywa. Mvua ikinyesha, udongo wote wa mashamba huteremkia humo.

Mtu anaweza kusema: niyaache tu yatulie. Mchanga utatulia kwa dakika chache. Lakini udongo mfinyanzi una chembe ndogo mno. Chembe yenye upana wa mikromita 1, yaani sehemu moja katika elfu ya milimita, huhitaji kiasi cha siku nne kuteremka sentimita 30 katika maji yaliyotulia. Iliyo ndogo zaidi ya hapo mara kumi ingehitaji zaidi ya mwaka. Chembe za namna hii zilizotapakaa ndani ya maji bila ya kuyeyuka wala kutulia, wataalamu wa kemia huziita koloidi. Maziwa ni koloidi, na maji ya tope ni koloidi.

Udogo si sababu pekee. Uso wa chembe ya udongo mfinyanzi ndani ya maji hubeba chaji hasi ya umeme. Chembe zote zina chaji ile ile, kwa hiyo zinasukumana. Hazikutani zikashikana, na kwa kuwa hazishikani hazipati uzito wa kuzama. Anayetaka kuyafanya maji yawe meupe hana budi kuuondoa msukumano huo. Mto wenyewe hufanyiwa hivyo unapofika baharini: chumvi ya bahari hupunguza nguvu ya msukumano, udongo hugandana, na mwingi wake hukaa chini hapo hapo mdomoni mwa mto. Shabu, ambayo wazee wetu waliijua, hufanya kazi ya namna hiyo, na jamaa yake hutumika mpaka leo katika mitambo ya kusafishia maji.

Mbegu ya mlonge na yaliyogunduliwa

Mlonge, ambao wengine huuita mzunze, hufanya kazi hiyo pia. Wanawake wa Sudan walikuwa wakiyatuliza maji ya Nile kwa mbegu zake, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliiandika elimu yao na kuichunguza katika miaka ya 1970 na 1980. Lililobaki ni kujua mbegu ina nini ndani yake.

Mwaka 1995 Anselme Ndabigengesere na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sherbrooke, Kanada, walionyesha kuwa siri yake ni protini ndogo zenye chaji chanya. Protini hizo hunata juu ya chembe za udongo zenye chaji hasi, zikaifuta ile chaji, msukumano ukaondoka, chembe zikashikana zikawa vidonge na kuzama. Mwaka 2010 mwanakemia Habauka Kwaambwa, aliyekuwa akifanya kazi kusini mwa Afrika, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walitumia miale ya nyutroni kutazama protini hiyo ikiwa juu ya uso unaofanana na uso wa mchanga. Waliona kuwa hunata kwa tabaka nzito, na haibanduki yote hata ikisuuzwa kwa maji.

Nyumbani kwetu Tanzania, Nancy Marobhe na wenzake mwaka 2007 walichapisha utafiti wakionyesha kuwa hata mbegu za kunde zina protini za kugandisha tope. Subhaana Allaah! Kunde tunazila kila siku, na hatukujua.

Kuna tatizo moja ambalo watafiti hawakulificha. Mbegu iliyosagwa huacha ndani ya maji mabaki mengine, na mabaki hayo ni chakula cha bakteria. Maji yanaonekana meupe leo, kesho yanaanza kuharibika. Ndipo mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walipoinatisha protini ya mlonge kwenye mchanga, kisha wakausuuza mchanga ili mabaki yaondoke na protini ibaki. Mchanga huo ulishika udongo na pia uliua bakteria. Mwaka 2015 walieleza namna inavyoua: protini huharibu utando unaoizunguka bakteria. Hayo ni matokeo ya maabara, na mtu asidhani kuwa ndoo yake ya nyumbani yenye unga wa mlonge imefikia daraja hiyo.

Suali la twahara

Tunarudi kwa ndugu yetu aliyefanya tayammum. Maji yaliyobadilika kwa udongo, au kwa kitu kilichomo katika makao yake na mapito yake, ni twahara na yanatwaharisha, kwani kujikinga nayo ni vigumu. Imaam An-Nawawiy (Rahimahu Allaah) katika Minhaaj At-Twaalibiyn, kitabu kinachosomwa sana katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy ambayo wengi wa visiwani wanaifuata, amelitaja hilo. Na ameongeza kuwa kwa kauli yenye nguvu, hata udongo uliotiwa kwa makusudi haudhuru. Basi maadamu bado yanaitwa maji na yanatiririka juu ya kiungo kama maji, wudhuu ni kwayo. Hawezi mtu kuyaacha akaenda kwenye tayammum kwa sababu ya rangi tu. Ikiwa yamekuwa mazito mpaka hayaitwi tena maji bali tope, hapo hukmu ni nyingine.

Je, yakitiwa mlonge au shabu? Mbegu ya mlonge ni kitu twahara. Kitu twahara kikichanganyika na maji kikayabadilisha kidogo, hakidhuru. Kinachodhuru ni mabadiliko makubwa yanayoyaondolea jina la maji, kama yanavyokuwa chai au mchuzi. Mbegu moja au mbili kwa lita, kisha zikazama na udongo wake na kuchujwa, hazifikishi maji huko.

Hapa tunaomba msomaji azingatie vizuri. Yote hayo ni kwa maji yaliyobadilika kwa kitu twahara. Ama maji yaliyoingiwa na najisi, mlonge hauyatwaharishi hata yakiwa meupe kama kioo. Ndoo ya lita 20 ni chini ya qullatayn, ambazo wanazuoni wengi wa zama zetu huzikadiria kuwa lita 200 na kitu. Kwa madhehebu ya Ash-Shaafi'iy, ikiingia najisi humo maji yananajisika japo hayakubadilika. Na maji mengi yaliyobadilika kwa najisi, An-Nawawiy amesema kuwa mabadiliko yakiondoka yenyewe au kwa kuongezewa maji yanarudi kuwa twahara, lakini yakiondoka kwa kutiwa udongo au chokaa ya jasi, kwa kauli yenye nguvu hayarudi. Sababu waliyoitaja wanazuoni ni kuwa huenda kitu hicho kimeificha najisi tu, hakikuiondoa. Miaka mingi kabla ya darubini, mafaqihi walijua kuwa rangi kuondoka si dalili ya uchafu kuondoka.

Zama zetu, Majlisi ya Fiqhi ya Kiislamu ya Makkah katika kikao chake cha 11, mwaka 1409 Hijria (1989), iliamua kuwa maji machafu yaliyosafishwa kwa hatua zote za kitaalamu, mpaka isibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, yanakuwa twahara. Lakini huko ni kusafisha kwa hatua nyingi za mitambo. Kutuliza tope ni hatua moja tu katika hizo.

Na lambo wanaponywa ng'ombe je? Likiwa kubwa, asili ya maji yake ni twahara. Ukiwa na shaka kama rangi yake imetokana na udongo au samadi, unabaki na asili, na shaka haiondoi yakini. Ukiyakinisha kuwa samadi ndiyo iliyoyabadilisha, kwa Mashaafi'iy ni najisi, na wako wanazuoni katika madhehebu ya Maalik na Ahmad wanaoona kuwa kinyesi cha mnyama anayeliwa si najisi. Basi asimkemee mwenyeji wake wa Handeni kwa jambo ambalo wanazuoni wamekhitilafiana.

Suali la afya

Aliyemruhusu mtoto kunywa kwa kuwa maji yametulia ndiye aliye katika hatari zaidi. Twahara ya kifiqhi haina maana kuwa maji hayana vijidudu. Maji ya mto ni twahara kwa wudhuu, na yanaweza kuwa na kipindupindu ndani yake. Visiwani kwetu maradhi hayo tunayajua, hatuhitaji kuhadithiwa. Mlonge ukitumika vizuri huteremsha bakteria kwa asilimia 90 mpaka 99, lakini ikiwa ndoo ina mamilioni, hiyo asilimia 1 inayobaki yatosha kumlaza mtoto hospitali.

Kwa hiyo anayehitaji kuutumia afanye hivi. Achukue mbegu zilizokomaa na kukauka, azimenye maganda, azisage ziwe unga. Maji yenye tope kidogo, mbegu moja kwa lita 4. Yenye tope sana, mbegu moja kwa lita moja. Unga auchanganye kwanza na maji safi kidogo, autikise na kuuchuja kwa kitambaa, kisha maziwa yake ayatie ndooni. Akoroge kwa kasi kwa dakika moja, halafu polepole kwa dakika tano mpaka kumi. Aache saa moja au mbili bila ya kutikisa, kisha ayamimine ya juu taratibu kwa kitambaa safi na kuacha mashapo. Asitumie magome wala mizizi, kwani ina sumu.

Baada ya hapo, maji ya kunywa ayachemshe mpaka yatokote sawasawa, au atie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Kutuliza tope kabla ya klorini ni muhimu, kwa sababu tope huimaliza nguvu dawa na vijidudu hujificha nyuma ya chembe. Ayafunike, kama tulivyofundishwa na Nabiy (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kufunika vyombo, na yasilale zaidi ya siku moja.

Basi ndugu yetu utakaposhuka Segera ukakuta ndoo ya maji ya kahawia, tia wudhuu wala usiwe na wasiwasi, maadamu hujui najisi iliyoingia humo. Kisha mwanao mpe maji yaliyochemshwa uliyoyabeba kutoka nyumbani. Kufanya yote mawili si kujipinga, kwani umejibu masuali mawili, kila moja kwa jawabu lake.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Atuzidishie elimu yenye manufaa na Awahifadhi watoto wetu na maradhi.

Wa-Allaahu A'lam.