Mwili Unapopungua

Mkulima anayeshuka garini katikati ya Nairobi huona kando ya njia watu wenye mizani, wanaopima uzito kwa shilingi chache. Wengi hupimwa hapo wakiwa safarini kwenda hospitali, au kwa watoto wao Kawangware na Kangemi. Mizani husema kilo tu. Haisemi kwa nini zimepungua, na hilo ndilo jambo kubwa.

Basi jiulize kwanza: Je, nilikusudia kupungua?

Kama daktari alikuambia upunguze uzito, nawe umepunguza chakula na kuongeza mwendo wa miguu, usishtuke uonapo mambo mageni. Wengine hugusa katikati, chini ya kifua, wakakuta kitu kigumu, wakadhani ni uvimbe mbaya. Mara nyingi ni ncha ya mfupa wa kidari tu. Ilikuwako siku zote, ila ilifunikwa na mafuta. (Aliyepata kuchinja mbuzi anaijua.) Lakini uvimbe unaokua au unaouma, ni lazima daktari auone.

Tena, mtu huhisi baridi kuliko zamani, maana mafuta yalikuwa kama blanketi. Nywele nazo zaweza kutoka kwa wingi miezi 2 au 3 baada ya kupungua kwa haraka. Kwa kawaida huota tena. Yafaa kupungua nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki, si zaidi. Anayejinyima kwa pupa aweza kupata vijiwe katika nyongo, na maumivu makali chini ya mbavu za kulia.

Ninyi mnaofuga ng'ombe wa gredi mmepata kumwona ng'ombe aliyezaa karibuni, mwenye maziwa mengi, akikonda na pumzi yake ikinuka harufu tamu. Chakula hakimtoshi, kwa hiyo mwili unachoma mafuta yake wenyewe. Mtu anayekula kidogo huweza kunuka vivyo hivyo. Lakini mgonjwa wa kisukari akinuka hivyo, huku ana kiu, anatapika na kupumua kwa nguvu, apelekwe hospitali siku ile ile.

Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu ajihadhari. Mwili ukipungua, kipimo cha zamani chaweza kuwa kikubwa mno. Akitetemeka, akitoka jasho na kuona njaa ya ghafula, ale kitu chenye sukari mara moja, kisha amwone daktari. Akipata kizunguzungu asimamapo, amwone pia. Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Na kama hukukusudia? Mtu wa kilo 80 akipungua kilo 4 au zaidi katika miezi 6 hadi 12, naye anakula kama kawaida, asifurahi. Kiu na kukojoa mara nyingi usiku ni dalili za kisukari: sukari inatoka na mkojo badala ya kulisha mwili. Kikohozi kisichokwisha wiki 2, pamoja na jasho la usiku, chaweza kuwa kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Anza kwenye zahanati iliyo karibu. Wakikutuma Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, chukua barua yao, dawa zako zote, na karatasi yenye uzito wako na tarehe uliyopimwa.