Meno ya Kuvaa na Meno ya Kupandikiza

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu aliyeishiwa na meno akipata meno ya bandia taabu yake imekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoona mambo ya bibi yangu, ambaye twakaa naye hapa Temeke.

Bibi alipata meno ya kuvaa, juu na chini, miaka sita iliyopita. Mwanzo yalimkaa vizuri. Siku hizi yale ya chini humchezacheza akisema, humchubua ufizi, na akila muhogo hunyanyuka. Mwaka jana, katika arusi ya shangazi, yalimtoka mbele za watu alipokuwa akicheka. Tangu siku ile akawa anakula chumbani peke yake.

Nilifuatana naye kwa daktari wa meno, nikauliza sababu. Alinieleza ya kuwa mfupa wa taya huishi kwa kazi. Kila tutafunapo, mzizi wa jino huusukuma mfupa, nao hubaki imara. Jino liking'oka, mfupa hukosa kazi, hupungua mwaka hata mwaka. Meno ya kuvaa hukaa juu ya ufizi tu. Msingi ukishuka, hayana budi kulegea. Ya juu husaidiwa na kaakaa, lakini ya chini yana mahali padogo pa kukalia, tena ulimi huyasukuma.

Iko njia nyingine. Katika miaka ya 1950 Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua ya kuwa madini ya titani hushikamana na mfupa ulio hai, na mwaka 1965 akamtibu mgonjwa wa kwanza. Daktari hutia skrubu ndogo ya titani ndani ya taya, huiacha miezi mitatu hadi sita ishikamane, ndipo jino huwekwa juu yake. Wala si lazima kila jino liwe na skrubu yake. Katika taya la chini, skrubu mbili zaweza kuyashika meno ya kuvaa yasicheze.

Lakini njia hii ina masharti. Gharama yake ni kubwa kuliko ya meno ya kuvaa. Yataka upasuaji, mfupa wa kutosha, na usafi wa kila siku. Mvutaji wa sigara, au mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijatulia, huweza asipone vizuri. Bibi ana kisukari. Daktari amemwambia atulize sukari kwanza, ndipo wazungumze habari ya skrubu mbili. Baba na wadogo zake wameanza kuweka akiba. Bibi naye ameacha chai ya sukari, jambo ambalo hatukulitazamia kabisa.

Kwa sasa meno yake yametiwa tabaka jipya upande wa ndani, na usiku huyavua akayaweka katika maji. Ijumaa iliyopita alitoka chumbani akala wali na samaki pamoja nasi. Hakucheka sana, lakini alikaa mpaka mwisho.

Basi wanafunzi wenzangu, tupige mswaki asubuhi na usiku, wala tusingoje jino liume ndipo twende kwa daktari. Mizizi tuliyo nayo hatukuinunua.