Kitanda na Sufuria: Hesabu ya Mwaka Mmoja Chuoni Iringa

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wazazi wengi huanza kulinganisha ada. Chuo hiki milioni moja na laki tatu, kile milioni moja na laki sita, na hapohapo wanaamua kipi ni nafuu. Mimi nasema hesabu hiyo haijaanza. Mwanafunzi analala, anakula, anapanda gari, anachapisha kazi zake, anaumwa. Katika chuo kidogo cha binafsi, tofauti ya laki mbili tatu kwenye ada inaweza kumezwa yote na uamuzi mmoja ambao hauandikwi kwenye fomu ya kujiunga: mtoto atalala wapi, na je, atapika au atanunua chakula?

Nachukua mfano wa Iringa kwa sababu ni mji wa wastani wenye vyuo vikuu vya sura tofauti. Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Kanisa la Kilutheri, KKKT, na wenyeji wengi bado wanakiita Tumaini. Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, RUCU, ni cha Kanisa Katoliki. Kilianza mwaka 2005 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Mkwawa ni cha serikali, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo hivi wanagombania vyumba vilevile na wanakula kwa mama lishe walewale. Bei za vyumba na chakula nitakazozitaja ni za kukokotolea. Ukifika, weka namba zako, ila njia ya hesabu usiibadilishe.

Tuanze na boom. Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Ilipandishwa kutoka 8,500 katika mwaka wa masomo 2022/23. Kwa mwaka wa masomo wa siku 240 hivi, hiyo ni 2,400,000. Fedha inakuja kwa awamu, na kwa mwaka wa kwanza inasubiri usajili ukamilike na mwanafunzi asaini. Kwa hiyo msimpeleke mtoto chuoni akiwa na nauli na matumaini ya boom. Wiki za mwanzo lazima awe na fedha ya nyumbani. Na asiye na mkopo ndiye anayehitaji hesabu hii kuliko wote.

Sasa kitanda. Chukua hosteli ya chuo ya 300,000 kwa mwaka. Nje ya chuo, tuseme Kihesa, chukua chumba cha kawaida cha 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anataka yake, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Halafu lipo jambo ambalo wageni husahau: likizo ndefu ikifika, vitu vyako vikibaki chumbani, kodi inaendelea kuhesabika. Unalala miezi minane, unalipa kumi na miwili. Jumla 480,000, kabla ya dalali, godoro, ndoo na jiko. Ukiishia hapo utasema hosteli ni nafuu kabisa, na wengi wanaishia hapo.

Lakini hosteli nyingi haziruhusu kupika chumbani, na sababu ni ya haki: jiko la gesi na heater ya kuchemshia maji kwenye chumba cha watu wanne au sita ni hatari ya moto. Aliyenunua kitanda cha hosteli, bila kujua, amenunua pia chakula cha sahani. Asubuhi chai na chapati mbili, 1,500. Mchana wali maharage, 2,500. Jioni ugali na samaki au mboga, 2,500. Ni 6,500 kwa siku, na kwa siku 240 ni 1,560,000. Ongeza kitanda, inakuwa 1,860,000.

Wa geto, yaani chumba cha kupanga nje ya chuo, wakiwa wawili, kodi ni 240,000 kila mmoja. Luku na maji tuweke 6,000 kwa mwezi kwa kichwa, miezi minane, 48,000. Chakula cha kupika, kwa mji kama Iringa, kinaweza kuwa 3,000 kwa siku, gesi ikiwemo. Viazi na maharage vinatoka Kilolo, mahindi hayako mbali, na maziwa ya huko hayana haja ya kusifiwa. Kwa siku 240 ni 720,000. Jumla 1,008,000. Mwaka wa kwanza ongeza mgawo wako wa dalali, 20,000, na vifaa vya 150,000: inafika 1,178,000. Tofauti na hosteli ni 682,000, fedha ambayo kwa vyuo vingi ni sehemu kubwa ya ada ya muhula.

Nimewaona walioipata tofauti hiyo na walioikosa wakiwa kwenye nyumba moja. Walioipata wana utaratibu: Jumamosi wanachemsha sado ya maharage, wanagawa kwenye vyombo, na katikati ya wiki wanaunga tu na kitunguu na nyanya. Unga wananunua kwa wingi boom likitoka. Walioikosa wana jiko zuri ambalo halijawashwa toka Jumatatu. Wakirudi kutoka kipindi cha saa kumi na mbili wamechoka, wanakula chipsi mayai barabarani, na mwisho wa mwezi wanapiga pasi ndefu. Geto bila kupika ni gharama ya kodi na gharama ya sahani kwa pamoja, na ndilo chaguo baya kuliko yote.

Umbali nao unakula. Ukilipa 600 kwenda na 600 kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 34, ni 204,000. Chumba cha bei ndogo kilicho mbali kinaweza kuwa ghali kuliko cha bei kubwa unachofika kwa miguu. Na Iringa ni mji wa milima na baridi. Mwezi wa sita na wa saba, kutembea alfajiri kuwahi kipindi si jambo la kuandika tu kwenye karatasi.

Ushauri wangu uko wazi. Mwaka wa kwanza, hasa kwa msichana na kwa yeyote asiye na ndugu mjini, lipeni hosteli, hata kama ni ghali kwa sahani. Unachonunua ni usalama wa usiku, maktaba iliyo hatua chache, na muda wa kuwajua watu kabla ya kuingia nao kwenye mkataba wa nyumba. Vitanda ni vichache, kwa hiyo ombeni mapema. Asiyepata asikubali kubebwa kimyakimya kwenye kitanda cha mwenzake. Anayembeba anaweza kupoteza nafasi yake, na wawili hao hawalali wala hawasomi. Mwaka wa pili, hamieni geto la kutembea kwa miguu, na mwenzako wa chumba awe mtu uliyemwona akipika.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo wengi hawaliweki kwenye mizani: vile ambavyo ada imeshavilipia. Maktaba ya chuo kidogo ina rafu chache, na nakala moja ya kitabu inaweza kusubiriwa na darasa zima. Lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake zinaweza kupata majarida ya kitaaluma bure kupitia Research4Life, na kwa wanafunzi wa sheria ipo sehemu yake iitwayo GOALI. Maktaba za vyuo vikuu nchini nazo zina umoja wao, COTUL. Muulize mkutubi, siku ya kwanza, chuo kimejiunga na nini na nywila inapatikanaje. Kama ni sheria, TanzLII inaweka hukumu za mahakama zetu bure. Hakuna sababu ya kununua madesa ya kesi yaliyodurufiwa hadi herufi zimefifia. Bodi inatoa 200,000 kwa mwaka kwa vitabu na viandikio. Ikitumika kwenye viatu, imepotea.

Mwalimu pia umeshamlipia. Hii ndiyo faida kubwa ya chuo kidogo. Darasa la watu sitini lina mhadhiri anayekujua kwa jina, anayeweza kusoma pendekezo lako la utafiti mara mbili, na atakayeandika barua ya utambulisho yenye mambo yako wewe. Asiyegonga mlango wa ofisi hiyo miaka mitatu amelipa ada ya chuo kidogo na kuishi kama yuko kwenye chuo cha maelfu.

Malipo madogo tupite haraka. Ada ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ya uhakiki wa ubora ni 20,000 kwa mwaka. Bima ya NHIF kwa mwanafunzi kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Mwenye kadi hai kupitia kwa mzazi apeleke nakala kabla ya kusajiliwa ili asitozwe mara mbili. Fedha ya tahadhari, chuo kinapoitoza, hurudishwa mwishoni kama hujaharibu kitu. Idaiwe.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni kozi yenyewe, si chuo tu, iko kwenye orodha ya TCU. Mwaka 2020 tume hiyo ilifuta usajili wa vyuo kadhaa. Kuhamishwa chuo katikati ya masomo ni kuanza upya kutafuta chumba, na kodi ya miezi sita uliyokwisha kulipa hairudi.

Na mkishaamua geto, msisubiri vyuo vifunguliwe. Wa mwaka wa tatu wanaondoka Julai na Agosti, na wengi wanauza godoro, meza na mtungi wa gesi kwa bei ya kutaka kuondoka. Anayewafuata wakati huo anaonana na mwenye nyumba mwenyewe, na dalali hamhitaji.