Askari Amerudi, Na Vita Je?

Mnamo tarehe 28 Septemba, 2012, wanamaji wa Kenya walishuka pwani ya Kismayu pamoja na wenzao wa nchi kavu. Mji huo si mgeni kwetu. Wabajuni wana ndugu zao huko. Majeshi yetu yalikuwa yameingia Somalia tangu Oktoba 2011, na Januari 15, 2016, kambi ya El Adde ikavamiwa, askari wengi wakauawa.

Waliokufa twawaombea rehema. Waliokatika viungo twawaona na kuwahurumia. Lakini yuko wa tatu, aliyerudi mzima wa mwili, akapokewa kwa vigelegele, kisha akasahauliwa.

Huyo mkewe ndiye amjuaye. Usiku hapati usingizi, na akiupata huamka akipiga kelele. Mlango ukibamizwa, huruka. Fataki za watoto siku ya Idi humtoa jasho. Pengine dalili hizo huja miezi mingi baada ya kurudi, au akisha kustaafu. Jeshini alikuwa na saa ya kula, amri ya kufuata na wenzake waliojua aliyoyaona. Mtaani hana hata kimoja. Kazi hazimkai, watoto humwogopa, na akiulizwa hujibu: "Sina kitu."

Hapo ndipo wazee humwambia mke: "Mwanangu, msitiri mumeo." Na majirani hunong'ona kuwa kapandwa na jini, au ni mwoga.

Waama, sitara ni jambo tukufu. Lakini kusitiri aibu ni mbali na kuficha ugonjwa, nao wahenga walinena: mficha maradhi, mauti humuumbua. Huu ni ugonjwa. Mwaka 1915 tabibu wa Kiingereza, Charles Myers, aliandika habari za askari waliopotewa na kumbukumbu na nuru ya macho vitani. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza katika orodha yao ya maradhi. Na zaidi ya miaka elfu nyuma, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua na hutibiwa.

Dawa ipo: mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, na pengine vidonge. Kisomo na dua havigombani na daktari, Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tutafute tiba.

Basi wewe mke, mama au ndugu, usingoje mpaka mkono uinuliwe au roho ipotee. Mketishe wakati wa utulivu, umwambie uliyoyaona bila ya kumlaumu, kisha mfuatane hospitali. Akitaja kujiua, msimwache peke yake, na msingoje kesho. Nanyi wazee, mke akija kushitaki, msimrudishe kwa neno "vumilia". Mwulizeni kwanza: mumeo alala?