Udongo wa Msituni Waingia Chekechea

Mzazi wa mjini akimwona mwanawe kajipaka udongo hadi kiwikoni, kwanza humkemea, kisha hutafuta sabuni. Watafiti wa Ufini walikwenda kinyume: waliuleta udongo hadi mlangoni mwa watoto.

Ilikuwa katika miji ya Lahti na Tampere. Viwanja vya chekechea nne, ambavyo awali vilikuwa vya kokoto na mchanga, vilitandazwa nyasi pamoja na tabaka la ardhi ya msituni likiwa na vichaka vyake. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano walipanda mbegu, wakachimba, wakafinyanga na kutambaa humo kila siku kwa siku 28. Wenzao wa chekechea nyingine waliendelea na viwanja vyao vya kawaida ili matokeo yalinganishwe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science Advances. Bakteria wa ngozini waliongezeka aina, hasa kundi linalodhaniwa kuisaidia ngozi kujilinda. Katika damu, IL-10, kemikali inayotuliza kinga ya mwili isishambulie ovyo, ilipanda ikilinganishwa na IL-17A inayoichochea. Kinga isiyojua kutulia ndiyo huleta mizio na maradhi ambayo mwili hujishambulia wenyewe. Lakini tusivuke mpaka: watoto walikuwa 75 tu, na hakuna aliyethibitisha kwamba udongo huo utawaepusha na pumu.

Kinachonivutia ni kwamba msitu haukutundikwa ukutani kama picha. Watoto waliushika. Mtoto wa miaka minne haelewi neno “mazingira”, lakini mwachie afukie ganda la ndizi na kizibo cha plastiki, afukue baada ya wiki kadhaa, atajionea mwenyewe kipi kimeliwa na ardhi na kipi kimebaki vilevile. Hapo maswali hayatamwishia, na mwalimu ajiandae.

Je, tuige Ufini neno kwa neno? Hapana. Udongo wetu wenye joto na unyevu, palipo na kinyesi, hubeba mabuu ya minyoo ya safura yanayopenya nyayo za mtoto asiye na viatu. Sehemu ya kuchezea itafutwe mbali na choo na majitaka, watoto wavae viatu, na wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Hilo si sababu ya kuufunika uwanja mzima kwa saruji au nyasi za plastiki, ambazo juani huchoma miguu.

Wala kumpa mtoto vitu halisi vya kushika si jambo la gharama. Shule za awali za Madrasa, zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980, zimesomesha watoto kwa makombe, vifuu, mbegu na vizibo. Mwalimu mkuu unayepanga kumwaga zege likizo hii, bakiza kona moja yenye kivuli, mboji na majembe madogo.