HAGADERA: WACHEZAJI WANAHAMA, WALA HAWAUZWI

Mpenzi wa kandanda wa Nairobi au Mombasa akisikia neno usajili, mawazo yake hukimbilia Gor Mahia na AFC Leopards: nani kanyakuliwa, nani kaachwa, na ni fedha ngapi zimebadilisha mikono gizani. Huko Hagadera neno hilo hilo lina uzito mwingine. Usajili wa kwanza anaoujua kijana wa kambini ni ule wa alama za vidole na kadi ya kupokelea chakula. Usajili wa timu huja baadaye, na aghalabu ule wa kwanza ndio unaoamua huu wa pili.

Hagadera ni mojawapo ya kambi tatu za mwanzo za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Nyingine ni Ifo na Dagahaley. Zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992, Wasomali walipokuwa wakikimbia vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali ya Siad Barre. Zilikusudiwa watu 90,000. Ukame na njaa ya mwaka 2011 vilipokaza, idadi ya watu wa Dadaab ikapita 400,000. Penye umati kama huo, tena wa vijana wasio na ruhusa ya kwenda kutafuta kazi kwingine, gozi haliwezi kukosa wa kulisakata. Uwanja ni mchanga mtupu, jua halina huruma, lakini timu zipo, mashabiki wapo na ubishi upo.

Hebu, msomaji, jifanye wewe ndiye kocha wa timu moja ya huko. Kocha wa mjini akimtaka mshambuliaji huuliza umri wake, mguu anaoutumia na mshahara anaoutaka. Wewe huna budi kuuliza la nne: faili ya jamaa zake imefika wapi? Wamekwisha kuhojiwa? Wamekwisha kupimwa afya? Maana mtu unaweza kumlea misimu mitatu, ukamfundisha kukaa mahali pake uwanjani na kutoa pasi kwa wakati, kisha jina la baba yake likatokea katika orodha ya wasafiri. Hapo hakuna mazungumzo na klabu nyingine, wala ada, wala mchezaji wa kubadilishana. Basi huondoka, na wewe unabaki na jezi.

Wasomali wa Dadaab wana neno buufis, yaani ile hamu ya kwenda kuishi ng'ambo inayomkaa mtu kifuani hata asitulie. Naona kocha mwenye busara huko hujenga timu yake juu ya yule ambaye hana safari, hata kama si fundi kama mwenzake. Ni sera ngumu, maana fundi ndiye anayejaza uwanja.

Na wanaohama si mmoja mmoja. Mwaka 2002 Wabantu wa Kisomali zaidi ya 10,000 walichukuliwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma ili wahojiwe kwa safari ya Marekani. (Miongoni mwao wamo ambao hadi leo huzungumza Kizigua, lugha ya mababu zao waliochukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanga katika karne ya 19.) Kuanzia Desemba 2014 ukaja msafara wa kuelekea upande wa pili, wa wale waliojiandikisha kurudi Somalia kwa hiari.

Waliovuka bahari walifanya nini? Mfano mzuri ni Lewiston, mji wa jimbo la Maine ambao viwanda vyake vya nguo vilikuwa vimekwisha kufifia. Wasomali walianza kuhamia huko mwaka 2001, na mwaka uliofuata meya akaandika barua ya wazi akiwaomba wapunguze kuja. Mwaka 2015 timu ya shule ya sekondari ya mji huo, chini ya kocha Mike McGraw, ikatwaa ubingwa wa jimbo kwa kuifunga Scarborough 1–0. Wengi wa vijana wale walikuwa wamepitia kambi za Kenya, Dadaab ikiwamo. McGraw alikuwa amefundisha shuleni hapo zaidi ya miaka 30 bila kuonja taji hilo. Hakutuma mjumbe Afrika wala hakulipa senti. Wachezaji waliletewa mlangoni.

Mlango huo nao umekuwa ukifungwa. Januari 2017 serikali ya Marekani ilisimamisha kuwapokea wakimbizi, na Somalia ikawa miongoni mwa nchi saba zilizopigwa marufuku; wapo waliokuwa wameuza vitu vyao tayari kwa safari wakarudishwa kambini. Januari 2025 upokeaji ukasimamishwa tena. Kocha wa Hagadera hapo angeweza kusema, walau nyota wangu atabaki. Lakini abaki achezee nani?

Kutoka Hagadera hadi mji wa Garissa ni safari ya kama kilomita 100, na mkimbizi haruhusiwi kuifunga bila hati ya ruhusa ya kutoka kambini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilileta matumaini, lakini haikuondoa utaratibu wa watu kuishi katika maeneo waliyopangiwa. Klabu ya Nairobi ikitaka kumjaribu kiungo kwa wiki mbili, itaanzia kwenye karatasi, na msimu wa usajili haumngojei mtu. Hata mwenyeji hajasalimika. Wapo maelfu ya Wakenya wa Garissa ambao zamani, njaa ilipowabana, waliandikishwa kama wakimbizi wapate mgao. Baadaye walipoomba kitambulisho, alama zao za vidole ziliwasaliti. Kijana wa namna hiyo ni Mkenya anayezuiliwa kama mgeni.

Kuna na jambo la fedha. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Miaka minne ya mwanzo huhesabiwa robo ya asilimia kila mwaka, na inayofuata nusu. Klabu iliyomlea kijana tangu 12 hadi 15 ingepata asilimia moja: akiuzwa kwa dola 1,000,000, hiyo ni dola 10,000. Kwa timu ya kambini hizo ni mipira, nyavu na viatu vya miaka mingi. Sharti ni kwamba klabu iwe inatambuliwa na shirikisho la nchi yake, na kumbukumbu za mchezaji ziwepo.

Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995. Adelaide United ilimuuza kwa Midtjylland ya Denmark mwaka 2015, na Juni 2022 alifunga mojawapo ya penalti zilizoipeleka Australia katika Kombe la Dunia la Qatar. Kakuma isingepata kitu hata ingekuwa na klabu yenye cheti, kwa kuwa yeye aliondoka mwaka 2006 akiwa na miaka 10. Lakini Hagadera wamo vijana waliotimiza 12 hapo hapo, wakatimiza 16, wakatimiza 20, na bado wanacheza jioni katika mchanga ule ule, bila hata mwaka mmoja wa hiyo kuandikwa popote.